Orodha Iandikwe na Mashine

Kwenye mizani ya Wenda, mkoani Iringa, lori la mizigo haliruhusiwi kupita kwa maneno ya dereva. Linapimwa. Programu zetu bado zinapita kwa maneno, na makala haya yanadai nazo zipimwe.

Programu za leo huundwa kwa moduli, yaani vipande vya programu, na moduli hutegemeana. Chukua OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Kila moduli yake hubeba faili la config.xml linalotaja moduli nyingine inazozihitaji, na hata toleo linalotakiwa. Ya lazima ikikosekana, moduli haiwaki.

Je, orodha hiyo ya mahitaji anaiandika nani? Mara nyingi ni mtu, kwa mkono, tena mwishoni mwa kazi. Anaongeza maktaba ya msimbo, anasahau kuitaja, na kwake programu inaenda vizuri, kwa kuwa maktaba hiyo aliisakinisha zamani kwa ajili ya kazi nyingine. Kosa lililojificha kwenye kompyuta yake Mbeya mjini linaweza kufumukia zahanati ya Chunya au Kilolo, ambako programu imefikishwa kwa flashi na hakuna bando la kupakulia kilichosahauliwa.

Dawa ipo, na si ngeni. Katika mfumo endeshi wa Debian, zana ya dpkg-shlibdeps huisoma programu iliyokwisha kujengwa na kubaini yenyewe maktaba inazozihitaji. Katika lugha ya Go, amri ya go mod tidy hupitia msimbo, huongeza kilichosahauliwa na kufuta kisichotumika tena. Walimu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) na wa Chuo Kikuu cha Iringa wanaweza kulifanya hili sharti: mradi wa mwanafunzi usipokelewe mpaka ujengwe kwenye kompyuta tupu, kwa orodha iliyoandikwa na mashine.

Watakaopinga watasema mashine haioni yote. Ni kweli. Inaweza kuikosa moduli ambayo jina lake huundwa wakati programu inaendeshwa. Wala haijui kipi ni cha lazima na kipi kinafaa tu kikiwepo, tofauti ambayo OpenMRS yenyewe huitambua. Hapo ndipo mtaalamu anapohitajika, na hapo ndipo muda wake uende. Kukumbuka majina ya maktaba si utaalamu. Kuamua programu ifanye nini moja ikikosekana ndiyo kazi yake.