ASILIMIA TATU: HAKI YA WATU TUNAYOIGEUZA SADAKA



Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu zangu katika imani, leo tuzungumze jambo ambalo halisikiki sana kwenye mimbari zetu. Tukiwataja watu wenye ulemavu misikitini, mara nyingi tunataja mambo mawili tu: wao wasubiri, na sisi tutoe sadaka. Ajira haitajwi. Nami nasema bila kuzunguka: Muislamu mwenye kampuni, shule, kiwanda au duka kubwa, akimkataa mtu mwenye sifa za kazi kwa sababu tu haoni, hasikii au anatembea kwa magongo, huyo amedhulumu. Na dhulma haifutwi kwa kugawa mchele na tende mwezi wa Ramadhani.

Soma mpaka mwisho, kisha nipinge kwa dalili.

*SHERIA INASEMAJE?*

Tanzania Bara tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010. Kifungu cha 31 kinamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea ahakikishe asilimia 3 ya wafanyakazi wake ni watu wenye ulemavu. Na jambo hili halikuanza 2010. Sheria ya mwaka 1982 ilishaweka asilimia 2 kwa waajiri wakubwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kazini kwa sababu ya ulemavu. Zanzibar ina sheria yake. Kenya, Katiba ya 2010, ibara ya 54, inataka hatua kwa hatua angalau asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa ziende kwa watu wenye ulemavu.

Sasa fanya hesabu ya kitoto. Una wafanyakazi 100? Watatu. Una 200? Sita. Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa zaidi ya watu 11 katika kila 100 wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Katika hao 11, sheria imekuomba watatu tu. Na hao watatu nao wanakushinda?

Ingia kwenye ofisi zetu uhesabu. Ingia hata kwenye zile zilizoandikwa Bismillah juu ya mlango.

Ukiwauliza wenyewe, utasikia hoja nne. Tuzichukue moja moja.

*HOJA YA KWANZA: "Hizi sheria za asilimia ni mambo ya wazungu. Uislamu una utaratibu wake."*

Ndugu yangu, ni kweli Uislamu una utaratibu wake. Je, unaujua?

Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), kama alivyopokea Abu Yusuf katika Kitab al-Kharaj, alimkuta mzee asiyeona akiomba mlangoni. Alikuwa Myahudi. Umar akauliza kilichomfikisha pale, akaambiwa ni uzee, shida na jizya anayodaiwa. Alimpa kitu kutoka nyumbani kwake, lakini hakuishia hapo. Alimwita mweka hazina wa Baitul Mali, akaagiza mzee yule na walio mfano wake wapewe fungu, na jizya waondolewe. Angalia vizuri: amri ilikuwa juu ya yule mzee *na walio mfano wake*. Hiyo ndiyo sera ya taifa. Umar alimwona mtu mmoja, akatengeneza utaratibu wa wote.

Kisha khalifa al-Walid bin Abdul Malik, aliyetawala kuanzia mwaka 86 hadi 96 Hijria. Wanahistoria, at-Tabari miongoni mwao, wameandika kwamba aliwapangia wenye ukoma posho na kuwazuia wasiombeombe, akampa kila asiyejiweza mtumishi, na kila asiyeona mtu wa kumwongoza. Hayo yalifanyika Damascus zaidi ya miaka 1,300 iliyopita, wakati huko unakokuita uzunguni hapakuwa na bunge wala katiba ya kuyazungumza.

Kwa hiyo usiseme ni mambo ya wazungu. Sema tu hutaki.

Na hata lingekuwa ni jambo jipya kabisa: umeomba leseni kwa sheria za nchi, unadai madeni yako mahakamani kwa sheria za nchi, na mwizi akikuvunjia unakimbilia polisi kwa sheria za nchi. Sheria hiyo hiyo ikikwambia asilimia 3, ndiyo inageuka ya kizungu? Qur'an katika mwanzo wa Suratul Maida imetuamrisha tutimize ahadi. Na sheria isiyomuamrisha mtu kumuasi Allah, Muislamu anaitii.

*HOJA YA PILI: "Mimi nafanya biashara, siendeshi kituo cha misaada. Nataka mtu anayeweza kazi."*

Hii ndiyo hoja yao kubwa, na ndani yake kuna uongo uliofichwa. Nani amekwambia hawezi?

Tumtazame Abdullah bin Umm Maktum (r.a.). Alikuwa haoni. Sote tunaijua Suratu Abasa, aya kumi za mwanzo. Mtume (s.a.w.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi akitaraji wasilimu, akaja Ibn Umm Maktum akitaka kufundishwa. Allah akateremsha aya za kumkumbusha Mtume wake kuhusu huyu aliyekuja kwa hima. Darsa hii tumeisikia tangu madrasa. Tatizo letu tunaishia hapo, kwenye huruma. Hatusemi yaliyofuata.

Yaliyofuata ni kwamba Mtume (s.a.w.) alimpa *kazi*. Alimfanya muadhini pamoja na Bilal. Na zaidi ya mara moja, alipotoka Madina kwenda safari za jihadi, alimwacha Ibn Umm Maktum badala yake, aswalishe watu na kusimamia mji. Mtu asiyeona ameachiwa Madina! Wewe unaogopa kumwachia meza ya mapokezi?

Sasa sikiliza jambo moja ambalo waajiri wengi hawalijui. Katika hadithi ya Bukhari na Muslim tumeelezwa kuwa katika Ramadhani Bilal aliadhini usiku, na watu wakaendelea kula mpaka aadhini Ibn Umm Maktum. Yaani adhana iliyotegemewa kwa ajili ya saumu ya mji mzima ilikuwa ya mtu asiyeona. Alijuaje kuwa alfajiri imeingia? Katika riwaya ya Bukhari imekuja kwamba alikuwa haadhini mpaka aambiwe kumekucha.

Basi. Kilichohitajika ni mtu wa kumwambia kumekucha. Hakuondolewa kazini kwa kuwa haoni alfajiri, bali aliwekewa utaratibu mdogo, na kazi ikaenda. Leo watu wa sheria za kazi wanaita hilo marekebisho ya mazingira ya kazi. Kwa asiyeona ni programu ya kusoma maandishi kwa sauti kwenye kompyuta. Kwa kiziwi ni maelekezo ya maandishi, au mwenzake anayejua lugha ya alama. Kwa mwenye kiti mwendo ni njia ya mteremko pembeni ya ngazi, mifuko michache ya saruji. Kwa mwenye ualbino ni kumpanga kivulini badala ya juani. Unalipa zaidi kwa kubadilisha bango la duka.

Mwingine: Ataa bin Abi Rabah, Allah amrehemu. Wanahistoria wamemtaja kuwa alikuwa mweusi, mwenye chongo, anachechemea, mkono mmoja umepooza, na mwishoni akapofuka kabisa. Huyu ndiye aliyekuwa mufti wa Makka. Msimu wa Hijja ilikuwa inatangazwa kwamba asiulizwe fatwa mwingine akiwapo Ataa. Kama angeleta barua ya maombi kwenye taasisi yako leo, ungeifungua?

Na wa zama zetu: Sheikh Abdul Aziz bin Baz. Alipoteza uoni akiwa kijana wa miaka kama 20. Baada ya hapo akawa kadhi wa al-Kharj miaka 14, akaongoza Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, na kuanzia 1993 hadi alipofariki 1999 alikuwa Mufti Mkuu wa Saudi Arabia. Alisomewa vitabu na barua, akaamua. Fatwa zake unazo kwenye simu yako, unazisambaza kwenye magrupu, halafu kijana asiyeona mwenye shahada unamwambia "tutakupigia".

*HOJA YA TATU: "Allah mwenyewe amewapa udhuru. Kwa nini tuwasumbue na kazi?"*

Hii inasemwa kwa sauti ya upole, na ndiyo hatari yake. Ni kweli, katika Suratul Fath aya ya 17 Allah amewaondolea lawama asiyeona, kiwete na mgonjwa katika jihadi. Lakini udhuru ni haki ya mwenye udhuru. Haukuwekwa ili wewe umfungie mlango.

Dalili ni Amr bin al-Jamuh (r.a.). Alikuwa na kilema kikubwa cha mguu. Siku ya Uhud wanawe walitaka kumzuia, wakimwambia Allah amekupa udhuru. Akaenda kuwashtaki kwa Mtume (s.a.w.). Mtume akamthibitishia kwamba kweli ana udhuru, kisha akawageukia wanawe akawaambia wasimzuie. Akatoka, akapigana, akafa shahidi.

Umeona mgawanyo wa hukumu? Kwake yeye, udhuru: akitaka abaki. Kwa wanawe: msimzuie. Sisi tumechukua nusu ya kwanza, tukaitupa ya pili. Wazazi wanamficha mtoto ndani eti wanamhurumia. Mwalimu wa madrasa anamrudisha nyumbani eti atahangaika. Mwajiri anamnyima kazi eti atachoka. Wote wamesimama pale walipokuwa wale watoto wa Amr kabla hawajakatazwa. Kisha miaka 20 baadaye tunasema "tungewaajiri, lakini hawajasoma". Nani aliyewarudisha mlangoni?

*HOJA YA NNE: "Mbona tunawasaidia? Kila Ijumaa tunatoa."*

Tunatoa, ndiyo. Lakini Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba mtu kuchukua kamba yake akaenda kukata kuni akauza ni bora kwake kuliko kuomba watu, wampe au wamnyime. Na amefundisha kuwa mkono wa juu ni bora kuliko mkono wa chini. Hadithi hizi tunawasomea waombaji kila siku ili kuwaaibisha. Zigeuze zikuelekee wewe! Kama kufanya kazi ni bora kwake, basi aliyemnyima kazi kisha akampa shilingi mia tano amemwondoa kwenye kilicho bora akamweka kwenye kilicho duni, halafu anataraji thawabu kwa hilo.

Wapo ambao ulemavu wao ni mkubwa, kazi hawaiwezi. Hao haki yao ni kutunzwa, na familia na dola wataulizwa. Lakini tusiwafanye wote kuwa hao ili tupate watu wa kupanga mstari nje ya msikiti.

*NA SERIKALI JE?*

Nayo isemwe. Sheria imetimiza miaka zaidi ya 10. Sheria bila mkaguzi anayepita kuhesabu ni karatasi. Mwajiri anajua mtu wa kodi atakuja, ndiyo maana anatunza risiti. Wa asilimia 3 hana hofu naye. Wenye mamlaka ni wachunga, na kila mchunga ataulizwa kuhusu alichokichunga.

Lakini pia tuache kulala. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. *Mikopo hiyo haina riba.* Muislamu anayekimbia benki kwa kuogopa riba, na anafanya vyema kuogopa, huu mlango umefunguliwa. Msikiti wako umewahi kuwasaidia watu wenye ulemavu wa mtaa wako kuandika maombi?

*TUANZE NA NYUMBA ZETU*

Tuna shule za Kiislamu, hospitali, vituo vya redio, maduka ya jumla, kampuni za Hijja na Umra. Kabla hatujamnyooshea kidole waziri:

1. Mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea, wiki hii hesabu. Kama hujafika asilimia 3, nafasi inayofuata itangaze ukiwaalika watu wenye ulemavu, na wapelekee tangazo wao na vyama vyao. Usingoje walione ukutani.

2. Ukimwajiri, mpe kazi ya kweli na mshahara sawa na mwenzake. Kumwandika jina ili hesabu itimie, kisha kumkalisha kwenye kona, ni ghushi. Na aliyeghushi, Mtume (s.a.w.) amejitenga naye.

3. Kamati ya msikiti, tazameni ngazi zenu. Mwenye kiti mwendo anaingilia wapi? Anatawadhia wapi? Kiziwi anaipataje khutba?

4. Mzazi, mtoe mtoto ndani. Mpeleke shule na madrasa. Elimu yake ni amana shingoni mwako.

5. Wewe mwenye ulemavu unayesoma hapa: kuomba kazi kwa sifa zako si kuomba msaada. Peleka barua yako kichwa kikiwa juu.

Swahaba Abdullah bin Mas'ud (r.a.) watu waliwahi kucheka wembamba wa miguu yake. Mtume (s.a.w.) akawaambia kuwa katika mizani siku ya Kiyama miguu hiyo ni mizito kuliko mlima Uhud. Wewe unayepima watu kwa miguu na macho kwenye usaili, kumbuka nawe utapimwa.

Ewe Allah, tuondolee dhulma tuliyoizoea mpaka tukaiona ni huruma. Wafungulie ndugu zetu milango ya rizki ya halali, na utufanye sisi kuwa sababu ya kuifungua, wala usitufanye kuwa makufuli yake. Amin.

Mfikishie mwajiri mmoja ujumbe huu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.