Vipimo vya presha visimtie hasara mkulima

Mkulima wa mboga kando ya Mto Ruvu, wilayani Bagamoyo, anaweza kununua pampu iliyoandikwa kuwa inasukuma maji hadi mita 30. Mipira ya umwagiliaji wa matone imeandikwa bar 1. Geji inasoma PSI. Vipimo vitatu, na fedha inayopotea ni yake.

Kumbe hesabu ni nyepesi. Bar 1 ni kilopaskali 100, au PSI 14.5, sawa na presha ya maji yaliyosimama kimo cha mita 10 hivi. Hivyo pampu ya mita 30 inaweza kufikisha karibu bar 3. Ikifungwa kwenye mipira ya bar 1 bila kipunguza presha, mipira hupasuka au kuchomoka kwenye viungio. Tenki lililoinuliwa mita 2 nalo hutoa bar 0.2 tu, yaani PSI 3. Haitoshi kwa mipira hiyo.

Mfanyabiashara wa mananasi ya Kiwangwa naye hajasalimika. Tairi linalohitaji bar 4 likijazwa upepo wa PSI 40, limepunjwa. Lilitakiwa kupata PSI 58. Likibebeshwa shehena hadi Dar es Salaam hupata joto, na laweza kupasuka njiani.

Wauza pampu na mafundi wa tairi hawana budi kubandika ukutani jedwali la kubadili vipimo hivi. Ni karatasi moja tu. Mkulima naye aulize kabla ya kulipa. Kuuliza si ujinga.