Dem Akisumbuliwa kwa Mathree, Kelele Pekee Haitoshi: Gilgil, Hebu Tuongee

Leo tuongee kitu kila msee wa Gilgil anajua lakini hakuna mtu hukiweka mezani. Dem na boy wanaweza kulipa nauli sawa, wakae kiti kimoja, na bado safari zao zisifanane.

Chukua hii ya kawaida. Umetoka Nairobi jioni, gari linaenda Nakuru. Dere hana haja ya kuingia tao, so anakushusha kwa barabara kuu usiku na kutokomea. Kama wewe ni boy, stress yako ni bei ya nduthi. Kama wewe ni dem, bei inakuja namba tatu. Namba moja ni nani anakubeba, namba mbili ni njia gani ataamua kupitia.

Ama chukua mama wa soko. Asubuhi anapeleka mtoi kwa nasari, anaenda kuchukua mzigo, anarudi kuuza, jioni anapitia dukani kabla ya kufika keja. Hizo ni safari fupi fupi, na kila moja ina nauli yake. Mzigo unalipiwa, mtoi anabebwa kwa mapaja. Baba aliyepanda gari moja kwenda job na moja kurudi ametumia doh kidogo kuliko yeye. Hakuna mtu alikaa chini akapanga kumuonea huyo mama. Ni vile tu hakuna mtu alimfikiria.

Sasa kuna mrembo mmoja anaitwa Naomi Mwaura. Kama jina si geni, pengine ni juu ya 2014. Mapema Novemba mwaka huo, kwa steji ya magari ya Embassava hapo katikati ya Nairobi, wanaume walimzingira mwanamke wakamvua nguo, wakidai amevaa vibaya. Mtu akachukua video, nchi ikawaka. Tarehe 17 Novemba watu walikusanyika Uhuru Park wakaandamana chini ya #MyDressMyChoice, na Naomi alikuwa kati ya waliopanga hayo maandamano. Kuna wengine mtandaoni waliwajibu na #NudityIsNotMyChoice, kana kwamba mada ilikuwa urefu wa sketi.

Lakini maandamano si ndiyo yamenifanya niandike hii. Wakenya tunajua kuandamana. Kilichonivutia ni kazi yake nje ya hiyo siku moja. Naomi ndiye mwanzilishi wa Flone Initiative, shirika ambalo halikuishia kupigia watu wa mathree kelele kutoka mbali. Lilienda kwao. Likaanza kufunza madere na makonda jinsi ya kuhudumia abiria na kuzuia unyanyasaji ndani ya gari. Likakusanya pia wanawake wanaofanya kazi kwa hii sekta, wale wachache wanaoshika usukani na wale wanaodandia mlango, ndio wasibaki wapweke kwa steji iliyojaa wanaume.

Hapo ndipo nataka tuelewane. Kuna njia mbili za kushughulikia hii maneno Kenya. Ya kwanza ni ya moto: video inatrendi, wakubwa wanaamka, msako unaanza. Ya pili ni ya polepole: unabadilisha vile steji inafanya kazi siku ya kawaida, siku ambayo hakuna mtu anachukua video. Tumezoea ya kwanza. Ya pili ndiyo inafanya kazi.

Angalia ushahidi. Machi 2022, waendesha boda walimzingira mwanamke dereva kwa barabara ya Profesa Wangari Maathai, ile wengi huita Forest Road, wakamdhulumu ndani ya gari lake. Video ikasambaa. Tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, Rais Uhuru Kenyatta akaagiza msako wa nchi nzima na boda wote wasajiliwe upya. Nduthi zikabebwa kwa malori, hata za wasee wasio na hatia. Siku chache baadaye msako ukasimamishwa. Jiulize, ile steji ya boda iko karibu na kwako ilibadilika nini baada ya hapo?

Angalia korti pia. Septemba 2014, usiku, kwa kituo cha petroli, mwanamke abiria wa basi la Githurai alivuliwa nguo na kuibiwa. Dere, konda na mfanyakazi wa petroli walishtakiwa. Julai 2017, karibu miaka mitatu baadaye, mahakama ya Nairobi ikawapa hukumu ya kifo. Wengi walishangilia. Lakini soma vizuri: hiyo hukumu ya kifo ilikuwa ya wizi wa mabavu. Na hii kesi ilikuwa na video, na washukiwa walikuwa watu wenye mahali pa kazi panapojulikana. Dem ambaye ameshikwa shikwa tu akishuka, bila video na bila jina la konda, anaenda kuripoti nini? Sheria iko. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inasema tendo la aibu kwa mtu mzima ni hadi miaka mitano jela ama faini isiyozidi shilingi 50,000, ama zote mbili. Shida ni kwamba sheria inahitaji mtu wa kushtaki, na mtu anahitaji jina.

Jina. Hapo ndipo mzee John Michuki alikuwa mbele ya wakati wake. Zile sheria zake zilizoanza Februari 2004 tunazikumbuka kwa mikanda na vidhibiti mwendo. Lakini pia zilitaka makonda na madere wavae sare na beji, na picha ya dere iwekwe mahali abiria anaiona. Ile picha ni silaha ya abiria. Mtu anayejua unajua jina lake hukuongelesha tofauti.

Halafu zikaja kanuni za NTSA za 2014. Zikasema kila gari liwe chini ya SACCO ama kampuni yenye magari yasiyopungua 30, na wafanyakazi wawe na mkataba wa kuandikwa. Uliza konda yeyote unayemjua kama ana mkataba. Utachekwa. Wengi wanaishi kwa hesabu ya siku: tajiri anataka kiasi fulani jioni, kinachobaki ndio chakula. Akichoka anampa skwodi gari kwa masaa kadhaa, na huyo skwodi hajulikani na SACCO wala na mwenye gari. Hapo ndipo dem anapotelea. Anarudi kesho kulalamika, anaambiwa, "Huyo hatumjui, alikuwa tu ameshikilia."

Najua kuna boy anasoma hii akisema tunawachafulia wasee wa mathree jina. Zii. Konda mwenye mkataba, mshahara na jina lake kifuani ana kitu cha kupoteza, na pia ana kitu cha kujitetea nacho wakati jirani yake ameharibu. Hesabu ya siku inamuumiza konda na inamuumiza abiria. Ukirekebisha kwa mmoja, unarekebisha kwa mwingine. Kwenda kufunza makonda badala ya kuwatukana tu kuna akili hiyo ndani.

Sasa turudi hapa kwetu. Gilgil si Nairobi, na hiyo ni bahati. Huu ni mji wa njia panda: barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, na ile inachepuka kwenda Ol Kalou na Nyahururu. Tuko na kambi ya jeshi, tuko na NYS inayoleta vijana wa kike na wa kiume kutoka kila kona ya nchi, tuko na Kikopey ambako magari hayalali juu ya nyama. Watu wanapita wengi, lakini wale wanaofanya kazi kwa steji ni wale wale. Unajua dere alisomea wapi. Unajua mamake. Kwa mji kama huu, kusema "hatumjui" ni uongo mtupu.

Na kuna sababu ya kuongea saa hii. Novemba 2025 Rais William Ruto alizindua upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, na hiyo lami inatupitia. Njia zitaongezeka, mwendo utaongezeka, na kutakuwa na malipo ya kutumia barabara. Lami mpya hufikiria magari kwanza. Swali la Gilgil ni dogo na la maana: pale gari linakushusha usiku, kutakuwa na taa? Kutakuwa na kivuko mama mwenye mzigo anaweza kupanda? Kutakuwa na mahali pa nduthi zilizosajiliwa na kujulikana, ama tutaachwa gizani kando ya barabara ya mabilioni? Hayo huulizwa wakati mchanga bado unamwagwa. Barabara ikishakamilika, jibu huwa ni "bajeti imeisha."

So tufanye nini? Kabla ya kupanda usiku, tuma namba ya gari ama ya nduthi kwa mtu. Ukiona konda anamsumbua dem, sema kitu, juu gari zima likinyamaza yeye husikia kama ruhusa. Vikao vya maoni ya kaunti vikiitwa, enda uulize kuhusu taa na vyoo vya steji, juu dem anayetaka kazi ya ukonda hawezi kuanza alfajiri hadi usiku mahali hakuna choo.

Na hii ya mwisho ni ya kwako kabisa. Mathree nyingi si za matajiri wa Nairobi. Ni za walimu, maaskari, wamama wa biashara waliochukua loni. Pengine mzazi wako ama tenje yako ni mwanachama wa SACCO fulani na huhudhuria mkutano wa kila mwaka. Mwambie ainue mkono aulize maswali matatu: makonda wetu wana mikataba? Namba ya malalamiko imebandikwa ndani ya kila gari? Na ikipigwa, nani huishika?

Akikosa jibu, aulize tena mkutano ujao.