Sikukuu, Baiskeli na Chupa ya Kuagana



Sikukuu zinapokaribia, sisi wakazi wa Babati huanza kuzitazama baiskeli zetu kwa jicho jipya. Matairi hujazwa upepo, mnyororo hupakwa mafuta, na kengele hupigwa kuona kama bado inalia. Kwetu sikukuu ni safari: kwenda Bonga kwa shangazi, Galapo kwa wakwe, au Dareda chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Wenye uwezo hupanda ndege kwenda kutazama maziwa na milima ya Ulaya. Sisi ziwa liko mlangoni pamoja na viboko wake, Mlima Kwaraa uko juu ya mji, na upande wa kusini-magharibi umesimama Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400.

Hatusahau Jumatatu moja ya Pasaka, tulipotoka watano kwenda Bonga. Mmoja wetu alifunga galoni ya togwa kwenye keria kwa mpira. Togwa ile ilikuwa ya siku tatu, na barabara wakati huo ilikuwa ya vumbi na mashimo. Ilivyozidi kutikisika ndivyo ilivyozidi kukasirika. Tulipofika kwenye mwinuko kizibo kikaruka kwa kishindo, na mwenzetu aliyefuata nyuma akaoga togwa toka kichwani hadi viatuni. Alifika ugenini akiwa na nzi wengi kuliko zawadi. Mpaka leo tukikutana naye tunamwuliza kama amekwisha kukauka.

Lakini safari ile ina sehemu ya pili, ambayo hatuisimulii kwa kicheko. Jioni wenyeji wetu walituletea pombe. Tulipoaga, ikaletwa "chupa ya kuagana," na baada ya hiyo nyingine, maana kukataa kungeonekana dharau. Kwenye mteremko wa kurudi nyumbani mmoja wetu aliona barabara mbili akachagua isiyokuwepo. Alivunjika mfupa wa mtulinga. Alikuwa fundi seremala, na kwa wiki nyingi hakuweza kushika randa. Waliolipa gharama ya chupa ile ni watoto wake.

Siku zile angalau magari yalikuwa machache. Barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati ilizinduliwa mwaka 2018, na leo mabasi na malori hupita hapo kwa kasi. Mwendesha baiskeli anayeyumba kidogo tu huenda asipate nafasi ya kuanguka pembeni.

Pombe hufanya nini mwilini?

Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 5 huingiza mwilini takriban gramu 20 za alkoholi. Ini la mtu mzima huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Maana yake, chupa moja huhitaji saa mbili hadi tatu, na chupa tatu huweza kukesha nawe hadi alfajiri. Kahawa, maji baridi au supu ya mbuzi haviharakishi kazi hiyo. Gongo ni hatari zaidi, kwa kuwa hakuna ajuaye nguvu yake, na wakati mwingine huwa na sumu inayopofusha macho au kuua.

Baiskeli hutaka mizani, macho na mikono inayowahi breki. Pombe hushambulia hivyo vyote vitatu. Tena huongeza mkojo, hivyo aliyetoka jasho njiani huzidi kupungukiwa maji.

Wapo watakaosema kwamba hata Ulaya watu hunywa na kuendesha. Ni kweli Wajerumani wanacho kinywaji kiitwacho Radler, maana yake "mwendesha baiskeli," ambacho ni bia iliyochanganywa na soda ya limau. Lakini nchini humo humo, anayeendesha baiskeli akiwa na gramu 1.6 za alkoholi au zaidi kwa kila kilo ya damu huhesabiwa kuwa ametenda jinai. Wenye kinywaji chao wenyewe wameona mpaka wake.

Maoni yetu

Hatuwakatazi watu furaha. Kuendesha baiskeli ni dawa nzuri: huimarisha moyo, husaidia kushusha shinikizo la damu na kuzuia kisukari. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki, na safari moja ya kwenda kwa shangazi na kurudi hulipa sehemu kubwa ya deni hilo. Lakini shirika hilo hilo lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na madhara kwa afya.

Basi, tunasema hivi: lawama isiwe ya mgeni peke yake. Mwenyeji anayesukuma chupa ya kuagana anashiriki katika ajali. Ukarimu wa kweli ni kumwandalia mgeni maji yaliyochemshwa, togwa ya siku hiyo hiyo au juisi ya miwa. Soda nayo iwe kwa kiasi, kwani chupa moja ya mililita 350 huweza kuwa na vijiko vinane vya sukari. Kama mgeni amekwisha kulewa, mtandikie mkeka na ufiche baiskeli yake. Atanuna usiku, atashukuru asubuhi.

Nawe msafiri, ondoka mapema. Hakikisha una taa na kioo cha nyuma kinachong'aa. Giza likikukuta karibu na ziwa, kumbuka kwamba huo ndio wakati viboko hutoka majini kula majani. Kiboko hana habari kama ni sikukuu.

Wahenga walisema, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Sisi tunaongeza: heri kuitwa mwoga mezani kuliko kuitwa marehemu kesho yake. Tunawatakia safari njema, na galoni zenu zifungwe vizuri.