Asali ya Rungwa ipande meli, sampuli ipande ndege

Kava la simu laweza kutoka China kwa nauli ndogo ya posta, lakini kopo la asali kutoka Rungwa, wilayani Manyoni, likipelekwa Ulaya, nauli yaweza kupita bei ya asali yenyewe. Kwa nini?

Kwanza, Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mwaka 1874, hupanga malipo ambayo posta inayotuma huilipa inayopokea. Kwa miaka mingi China ilinufaika na viwango nafuu vya nchi zinazoendelea. Mwaka 2018 Marekani ilitishia kujitoa, na mwaka 2019, mjini Geneva, nchi wanachama zilikubali viwango vipandishwe. Pili, China hutuma vifurushi vingi kwa pamoja, hivyo gharama ya ndege hugawanyika.

Asali ni nzito. Lita moja ina uzito wa kilo 1.4 hivi, na ndege hutoza kwa kilo. Kwa hiyo sampuli ndiyo ipande ndege. Asali na nta ya jumla zisubiri meli Dar es Salaam. Wafugaji nyuki wakikusanya mzigo, watagawana gharama ya kontena. Kila mmoja akisafirisha kivyake, faida itaishia kwenye nauli.