Lau Chetambe Isingalianguka: Kishazi cha Pili Kiko Wapi?

Upo uhakiki wa namna mbili unaoizuia riwaya ya kihistoria ya Kiswahili isikomae, na namna zote mbili hujitokeza mara tu linapoulizwa swali la lau. Wahakiki wa kundi la kwanza hudai kwamba historia mbadala, yaani utunzi unaobuni mambo ambayo yangalitokea lakini hayakutokea, ni mchezo wa Waingereza, ambao hawajachoka kujiuliza ingalikuwaje lau Mfalme Harold angaliwashinda Wanormandi kule Hastings mwaka 1066 na ufalme wa Waanglo-Saksoni ukasalimika. Wahakiki wa kundi la pili huukumbatia utanzu huo bila masharti: kila penye ushindi wa kubuni wa Mwafrika dhidi ya mkoloni wao huona ukombozi, na huutunukia sifa kabla ya kuupima. Makundi haya hudhani yanapingana. Kwa hakika yana kosa moja: hayaulizi sentensi ya lau inaishia wapi.

Dai la kundi la kwanza halihitaji jibu refu. Lugha iliyo na -ngali- haina haja ya kuazima lau kutoka Hastings. Lakini sarufi hiyo hiyo inalihukumu pia kundi la pili. Sentensi ya -ngali- ina vishazi viwili: cha kwanza huweka sharti, cha pili huonyesha tokeo. Anayesema "lau mvua ingalinyesha" kisha akanyamaza hajasema jambo. Amevuta pumzi tu. Utunzi unaoshangilia ushindi wa kubuni bila kuonyesha matokeo yake ni kishazi tegemezi kilichofanywa kitabu.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Bungoma. Mwaka 1895, baada ya kikosi cha askari Wasudani waliotumikia Waingereza kuangamizwa na Wabukusu, majeshi ya Waingereza, ambayo C. W. Hobley alikuwa mmoja wa wakuu wake, yaliishambulia ngome ya Lumboka, kisha ile ya Chetambe iliyo juu ya kilima karibu na mahali ulipo mji wa Webuye. Ngome zote mbili zilianguka. Watu wengi waliuawa, na upinzani wa silaha ukavunjika. Hakuna mahali katika magharibi ya Kenya panapostahili swali la lau kuliko kilima hicho.

Kishawishi cha kwanza kinachomkabili mtunzi hapo ni kumtawaza mfalme. Kielelezo cha Kiingereza kinamtaka: penye Harold pana taji, na penye taji pana taifa moja linalookolewa kwa siku moja. Lakini Chetambe haikuwa makao makuu ya ufalme wowote. Wabukusu waliishi katika vijiji vilivyozungushiwa kuta na mahandaki, chini ya viongozi mbalimbali. Omukasa alikuwa na heshima kubwa, lakini hakuwa mfalme wa kabila zima. Jina lenyewe la ngome ni la Chetambe, ambaye masimulizi humtaja kuwa Mtachoni. Mfalme aliyekuwapo katika eneo hilo alikuwa Nabongo Mumia wa Wanga, na watu wake walipigana upande wa Hobley. Askari wengine walitoka Buganda. Riwaya itakayoiokoa Chetambe kwa kumbuni mfalme wa Wabukusu itakuwa imeiteka ngome hiyo mara ya pili, safari hii kwa mkono wa kielelezo cha kigeni.

Watetezi wa kundi la pili watajibu kwamba fasihi si historia, na kwamba mtunzi ana uhuru wa kubuni mfalme apendaye. Uhuru huo haukanushwi. Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile (1969), alimtenga waziwazi mhusika wake na mtu wa Vita vya Maji Maji. Lakini Hussein hakuutumia uhuru huo kukwepa swali gumu, aliutumia kuliingia. Kinjeketile wake anateswa na neno alilolitoa, kwa sababu anaona litakakowafikisha watu. Tamthilia ile ina kishazi cha pili, na ndiyo sababu haijachakaa.

Tena Afrika Mashariki haina haja ya kukisia sana, kwa kuwa lau ya namna hii iliwahi kutimia. Miezi michache baada ya Chetambe kuanguka, tarehe 1 Machi 1896, Menelik wa Pili wa Ethiopia aliwashinda Waitaliano kule Adwa. Ufalme ukasalimika. Je, kishazi cha pili kilikuwa nini? Kilikuwa fahari ya Waafrika wengi duniani, na hilo si dogo. Kilikuwa pia mabwana wa ardhi waliowakalia wakulima wa kusini, mathalani wa Wolayta, ambayo Menelik mwenyewe aliiteka mwaka 1894, mpaka mapinduzi ya 1974. Ufalme unaookoka kutekwa hauachi kuteka kwa sababu hiyo.

Swali hili si la semina tu. Barabara ipandayo kutoka Webuye kupitia Kiminini hufika Kitale, na huko Trans Nzoia ndiko kishazi cha pili kinakodaiwa kwa vitendo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mashamba ya wilaya hiyo waligawiwa walowezi, miongoni mwao askari wa zamani wa Uingereza. Reli ikafika Kitale mwaka 1926. Wabukusu wengi waliingia humo kama maskwota. Wasabaoti waliendelea kudai kwamba nyanda hizo zilikuwa malisho yao kabla ya walowezi. Uhuru haukulimaliza shauri hilo: mwaka 1991 na 1992 nyumba zilichomwa na watu kuuawa Trans Nzoia na Bungoma, na kati ya 2006 na 2008 ukafuata umwagaji damu wa Mlima Elgon. Katika nchi ya namna hiyo, anayeandika "lau Chetambe isingalianguka" anaandika pia, apende asipende, Kitale ingalikuwa ya nani. Akinyamaza, msomaji atajijazia mwenyewe, na hadithi itageuka hati ya kumiliki ardhi. Mhakiki atakayeisifu kwa uzalendo wake atakuwa ameitia muhuri.

Elijah Masinde alilijua hili kuliko wahakiki wengi. Mwaka 1947 kiongozi huyo wa Dini ya Msambwa aliwaongoza wafuasi wake hadi Chetambe kuwatolea sadaka waliouawa pale. Kwake kushindwa kwa 1895 hakukuwa neno la mwisho, na aliyataja matokeo bila kusita: mzungu aondoke. Mwaka 1948 alikamatwa, akapelekwa kizuizini Lamu. Uhuru ulipopatikana, serikali ya wananchi nayo iliipiga marufuku dini yake mwaka 1968. Mzungu aliondoka madarakani, lakini mlango wa jela ukabaki pale pale. Hapo kuna riwaya nzima ya historia mbadala, ambayo haihitaji taji wala mfalme wa kubuni.

Hivyo basi, kipimo cha uhakiki hakiwezi kuwa nani ameshinda katika ukurasa wa kwanza. Riwaya ya Chetambe iandikwe, na iandikwe kwa Kiswahili, lugha ambayo Mbukusu, Mtachoni, Mwanga na Msabaoti wanaweza kuisoma na kuibishia kwa pamoja. Lakini mhakiki aisome akiwa na maswali matatu mkononi: asubuhi ya pili baada ya ushindi, ni nani aliye ndani ya ukuta, ni nani aliyeachwa nje, na ng'ombe wanalishwa katika nyanda za nani?