PICHA KALI, ILA TIKETI KALIPA NANI?

Kuna mshauri mmoja wa safari anatesa mitandaoni. Juzi yuko kwenye meli ya kifahari, chumba kina baraza inayotazama bahari. Wiki hii yuko Uswisi ndani ya Glacier Express, treni inayotumia kama saa 8 kutoka Zermatt hadi St. Moritz, ikipita madaraja 291 na mahandaki 91. Hongera zake, maisha anayajulia.

Shida ni moja: hasemi tiketi kalipa nani. Kwenye biashara hiyo ni kawaida kampuni kuwapa washauri safari za bure au za bei ya kutupa, halafu kamisheni kwa kila mteja wanayemleta. Si dhambi. Ila mteja aliyedunduliza miaka mitatu hapewi chumba kile. Yeye anakutana na bili ya vinywaji, ya intaneti na bakshishi ya wahudumu inayokatwa kila siku. Kwenye treni nako, ana pasi ya Eurail mkononi na bado anadaiwa hela ya kushikiwa siti.

Na viza je? Meli ikitoka Ugiriki ikatia nanga Uturuki, kisha ikarudi Ugiriki, Mtanzania mwenye viza ya Schengen ya kuingia mara moja kaumia. Hilo kwenye picha halipo.

Anayelipwa na kampuni aseme wazi, mteja apime mwenyewe. Heshima haipungui hapo, inaongezeka. Au nyie wadau mnaonaje?